Watu 300, kaya 160: kijiji cha Uajemi kinaongozwaje?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma jiografia chuoni, mwaka wa pili, na nyumbani kwetu ni Muheza. Katika kupekua habari za vijiji vya Iran nimekutana na maelezo ya kijiji kiitwacho Abyaneh, na yote ni mistari miwili tu: kipo dehestani ya Barzrud, bakhshi ya kati, shahrestani ya Natanz, ostani ya Isfahan, na sensa ya mwaka 2006 ilikuta watu kama 300 katika kaya kama 160. Basi, hakuna zaidi. Ngazi zote hizo za nini kwa watu 300? Nani hasa anaongoza pale, kuna mwenyekiti wa kijiji kama wetu? Na hizo namba mbili zinaweza kunifundisha lolote la maana?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililoyabeba mengine.

Gawanya 300 kwa 160. Unapata chini ya watu wawili kwa kaya. Mwaka huohuo wa 2006, wastani wa kaya kwa Iran nzima ulikuwa watu wanne, na vijijini ulikuwa juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla hata hujaona picha ya Abyaneh umeshajua jambo kubwa: hiki ni kijiji cha wazee. Kaya nyingi ni mume na mke ambao watoto wao wameshaondoka, au mjane anayeishi peke yake. Kijiji chenye watoto wengi hakiwezi kutoa wastani wa namna hiyo. Sasa kilinganishe na Kandovan, kijiji cha Azerbaijan ya Mashariki ambacho watu wake wamechonga nyumba ndani ya miamba yenye umbo la pia. Sensa ileile ilikuta huko watu kama 600 katika kaya kama 170, yaani watatu na nusu kwa kaya. Vijiji vyote viwili vipo milimani, na vyote ni mashuhuri kwa watalii. Lakini Kandovan bado kuna familia zinazolea watoto, na Abyaneh wengi wa wenye nyumba wanaishi Tehran, Kashan na miji mingine.

Jambo la pili ni siku ya kuhesabiwa. Sensa ya 2006 ilifanyika kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba, mwezi ambao Wairani huuita Aban, na humhesabu mtu pale anapoishi kwa kawaida. Abyaneh ipo chini ya mlima Karkas, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Novemba baridi imeshaingia na waliokuja kupumzika kiangazi wamesharudi mjini. Nenda pale katika siku za Muharram, watu wanapobeba nakhl, lile jeneza kubwa la mbao la kumbukumbu ya Imam Hussein, utakuta vichochoro vimejaa wenyeji ambao karani wa sensa hakuwaandika. Karani hakukosea kutowahesabu. Ni wakazi wa mjini wenye nyumba, makaburi ya wazee wao na miti ya matunda kijijini. Kwa hiyo ile 300 ni idadi ya wanaolala Abyaneh wakati wa baridi. Wanaojiita watu wa Abyaneh ni wengi zaidi, na hakuna safu ya sensa inayowaonyesha.

Tuje kwenye ngazi. Kwako Mtanzania hazina ugumu wowote, maana zinapangika karibu sawa na zetu. Ostani ni mkoa, na leo ipo 31. Shahrestani ni wilaya. Bakhshi ni tarafa, na dehestani ni kata. Chini yake kipo kijiji. Kila ngazi ina mkuu wake anayeteuliwa: ostandar wa mkoa, farmandar wa wilaya, bakhshdar wa tarafa, dehdar wa dehestani. Wote wapo kwenye mstari mmoja unaoanzia Wizara ya Mambo ya Ndani, Tehran. "Bakhshi ya kati" ni ile tarafa yenye makao makuu ya wilaya, hapa mji wa Natanz. Ukiiona katika maelezo ya kijiji chochote, jua kwamba kijiji hicho hakipiti mji mwingine kufika kwa farmandar.

Mpangilio huu uliwekwa na sheria ya mwaka 1937, wakati wa Reza Shah, mtawala aliyetaka kila pembe ya nchi ionekane kutoka mji mkuu. Baada ya mapinduzi ya 1979 ikatungwa sheria mpya mwaka 1983, na hiyo ndiyo iliyofunga idadi ya watu na utawala kwa fundo moja. Dehestani inapangwa kwa kutazama kama eneo lina watu 4,000, 6,000 au 8,000, kutegemea msongamano wa sehemu ile. Bakhshi inataka kati ya 20,000 na 30,000, isipokuwa sehemu za mbali zilizosamehewa. Na kijiji chenyewe kikapewa maana kisheria: makazi ya kudumu yenye angalau kaya 20 au watu 100, ambao wengi wao wanategemea kilimo, mifugo, bustani au kazi zinazofungamana na hizo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Ngazi zile hazikuwekwa kwa ajili ya watu 300. Iran ina makazi ya vijijini zaidi ya 60,000 yanayokaliwa, na maelfu kwa maelfu kati yake ni madogo kuliko Abyaneh. Mengine ni nyumba tano kandokando ya kijito. Serikali haiwezi kuweka ofisi katika kila moja. Inayakusanya katika dehestani ili yawe na uzito wa kutosha kupata barabara, nguzo za umeme na daktari. Kaya 20 ni mlango: ukiwa juu yake una baraza lako la kuchaguliwa, ukiwa chini yake unasemewa na jirani.

Baraza hilo linaitwa shura. Katiba ya Iran inalitaja katika kifungu cha 7 na cha 100, lakini uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima ulifanyika Februari 1999 tu, wakati wa Rais Mohammad Khatami, miaka ishirini baada ya mapinduzi. Kijiji kidogo huchagua wajumbe watatu, kikubwa watano, kwa muda wa miaka minne. Mgombea awe na umri usiopungua miaka 25 na awe anaishi pale. Majina huchujwa kwanza na bodi zinazosimamiwa na bunge, kwa hiyo si kila anayetaka kugombea hufika kwenye karatasi ya kura. Wajumbe wa shura za vijiji ndio wanaotoa wajumbe wa shura ya bakhshi, na kutoka hapo mnyororo unapanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Dehestani ndiyo ngazi isiyo na shura yake. Hakuna diwani pale. Yupo dehdar wa kuteuliwa tu.

Shura haifanyi kazi za kila siku. Inamchagua mtu anayeitwa dehyar, na bakhshdar ndiye anayetoa barua ya kumweka kazini. Ofisi yake ni dehyari, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Wanawake pia wameshika kazi hiyo katika vijiji kadhaa. Dehyar hutoa vibali vya ujenzi, hushughulikia taka, makaburi, njia za ndani na moto unapowaka, huandika taarifa za vizazi na vifo na kuzipeleka kwa wahusika, na hupokea wageni wa serikali. Fedha zake zinatokana na ada za vibali, michango, na sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani ambayo hugawiwa miji na vijiji kwa kuzingatia idadi ya watu. Kijiji kikipungua watu, mfuko wa dehyari nao unapungua, na mvua ikibomoa ukuta wa njia hakuna wa kuujenga. Wajumbe wa shura wanalijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana katika vijiji vingi msimu wa sensa jamaa walio mjini hupigiwa simu waje kuhesabiwa kijijini.

Sasa, dehyar ni mwenyekiti wa kijiji wetu? Hapana, wala si mtendaji, ingawa ana kidogo cha kila mmoja. Mwenyekiti wetu huchaguliwa na wanakijiji wenyewe akiwa amedhaminiwa na chama. Dehyar huchaguliwa na wajumbe wachache. Mtendaji wetu ni mwajiriwa wa halmashauri, na dehyari ni taasisi ya umma isiyo sehemu ya serikali. Lakini tofauti kubwa zaidi, ambayo ningependa uiweke katika kazi yako, ni ardhi. Kwetu, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na nguvu za viongozi wetu pamoja na ugomvi wao mwingi vinatoka hapo. Dehyar wa Iran hagawi shamba la mtu yeyote. Mashamba ni mali ya watu binafsi au ya wakfu, na misitu pamoja na malisho yalitaifishwa mwaka 1963. Mamlaka ya dehyar yanaishia kwenye nyumba na vichochoro, ndani ya mstari uliochorwa kwenye ramani ya mwongozo ya kijiji. Ramani hiyo hutengenezwa na Taasisi ya Nyumba ya Mapinduzi ya Kiislamu. Na Abyaneh kuna mkono wa ziada: kijiji kinalindwa kama urithi wa taifa, kwa hiyo anayetaka kukarabati ukuta lazima atumie ule udongo mwekundu na akubaliwe na idara ya urithi, hata dehyar akimwonea huruma.

Kwa nini kiongozi wa kijiji akaachwa bila ardhi? Hili haliwezi kueleweka bila kurudi nyuma, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya habari nzima.

Hadi miaka ya 1960, swali la kwanza kuhusu kijiji cha Uajemi lilikuwa: ni cha nani? Hawakuuliza kina watu wangapi. Kila mali isiyohamishika ilihesabiwa kuwa na dang sita, yaani mafungu sita. Mwenye dang zote sita alikimiliki kijiji kizima: mashamba, maji, mara nyingi na nyumba. Mwingine alikuwa na dang tatu, nyingine ni za shemeji yake. Mwingine alirithi nusu ya dang katika kijiji ambacho hajawahi kukitia mguu. Vilikuwepo vijiji vya serikali, vijiji vya wakfu ambavyo mapato yake yaliendesha misikiti na makaburi matakatifu kama la Imam Reza kule Mashhad, na vijiji vya wakulima wadogo wenye mali zao, ambavyo vilikuwa vingi zaidi milimani. Lakini sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilikuwa ya arbab, bwana shamba, ambaye kwa kawaida aliishi mjini.

Arbab aliwakilishwa na kadkhoda. Sheria ya mwaka 1935 ilimtambua kadkhoda kama mwakilishi wa mwenye kijiji na papo hapo kama mkono wa serikali: mwenye mali anapendekeza jina, serikali inaidhinisha. Fikiria mtu huyo alivyosimama. Alisimamia mgawo wa mavuno kwa niaba ya tajiri, alitaja vijana wa kwenda jeshini kwa niaba ya serikali, na alisuluhisha ugomvi wa mipaka kwa niaba ya jirani zake, ambao alikuwa akizikana nao na kuozana nao. Wapo waliokuwa wakatili na wapo waliowakinga watu wao kwa akili nyingi, lakini hakuna aliyekuwa na bwana mmoja.

Chini ya kadkhoda palikuwa na watumishi waliolipwa nafaka wakati wa mavuno: mirab, msimamizi wa maji, dashtban, mlinzi wa mashamba, mhunzi, seremala, mwenye hamamu. Wakulima wenyewe walilima kwa vikundi, vilivyoitwa boneh katika sehemu nyingi za uwanda wa kati. Wanaume kadhaa na ng'ombe wao walishirikiana kulima kipande kimoja chini ya kiongozi wao, na mwaka ukigeuka vipande vilipigiwa kura upya ili asiwepo mtu anayekaa kwenye udongo mbaya maisha yake yote. Mavuno yaligawanywa kwa mafungu matano: ardhi, maji, mbegu, ng'ombe wa kulimia, na nguvu kazi. Mwenye kutoa kitu huchukua fungu lake. Kanuni hiyo ilibadilikabadilika mahali kwa mahali, lakini mkulima ambaye alikuwa na mikono yake tu aliondoka na fungu moja kati ya matano.

Na hata huyo alikuwa na heri, kwa sababu alikuwa na nasaq, haki ya kulima inayotambuliwa. Kulikuwa na watu wengi wasio nayo, walioitwa khoshneshin: vibarua, wachuuzi, wachungaji, wajane. Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ilipotoka Januari 1962, ikisimamiwa na waziri wa kilimo Hassan Arsanjani na kuanzia wilaya ya Maragheh, iliamuru bwana shamba abaki na kijiji kimoja tu, na vingine aiuzie serikali kwa bei iliyopigwa kutokana na kodi aliyokuwa akilipa. Wengi walijuta wakati huo kwa kuwa walikuwa wamedanganya ili walipe kodi kidogo. Ardhi ilipewa waliokuwa na nasaq, kwa malipo ya miaka 15 na sharti la kujiunga na ushirika. Khoshneshin hawakupata kitu. Mimi nalitaja hili kwa uchungu kila ninapofundisha, kwa sababu watu wanaeleza mageuzi yale kana kwamba kijiji kizima kilipata ardhi. Waliokosa ndio waliokuwa wa kwanza kufunga mizigo, na fedha za mafuta za miaka ya 1970 zilipofungua kazi za ujenzi Tehran, walikuwa wameshafika.

Arbab alipoondoka, kadkhoda alibaki hana nguo. Serikali ya Shah ilijaza pengo kwa watu kutoka nje: vijana wa Jeshi la Elimu waliofundisha kusoma tangu 1963, wakaguzi wa ushirika, askari wa zhandarmeri, na mabaraza ya nyumba za haki yaliyosikiliza kesi ndogo. Baada ya mapinduzi ikaja Jihadi ya Ujenzi, iliyoundwa Juni 1979, ikiwa na vijana waliochimba barabara na kuvuta umeme na maji. Mambo mengi mazuri yalifika vijijini kwa njia hiyo, lakini kila kimoja kilikuwa na ofisi yake mjini. Dehyar alipopatikana mwaka 1998 alikuta kila kitu kina mwenyewe.

Isipokuwa kitu kimoja ambacho wanakijiji walikuwa wakikiendesha wenyewe tangu zama: maji. Sehemu kubwa ya uwanda wa kati wa Iran haina mito ya kutegemea. Maji huja kwa qanat, handaki linalochimbwa kwa mteremko mdogo kutoka kisima mama chini ya mlima hadi kijijini, wakati mwingine kwa kilomita kumi na zaidi. Mwaka 2016 UNESCO iliandika qanat 11 za Iran katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maji yakishatoka ni ya watu kwa zamu, na zamu ilipimwa hivi: panachukuliwa chungu kipana kilichojaa maji, juu yake inawekwa bakuli ndogo ya shaba yenye tundu dogo kwenye kitako. Maji yanapenya pole pole, bakuli inajaa, inazama. Hiyo ni hesabu moja. Mpimaji anaitoa, anaimwaga, anairudisha, na anaendelea hivyo mchana na usiku, na katika baadhi ya vijiji bakuli huchorwa mistari ili kupima hata sehemu ya hesabu. Mwenye fungu la bakuli kumi akifikisha kumi, mfereji unafungwa kwake na kufunguliwa kwa jirani, hata kama ni saa nane za usiku. Mpimaji alikuwa mtu mzima mwenye kuaminiwa na pande zote, na kwa kawaida walikuwepo mashahidi. Kila tone lilikuwa na mwenyewe, aliyerithi au kununua fungu lake, na daftari la mafungu hayo lilikuwa zito kuliko barua yoyote kutoka kwa farmandar.

Tangu miaka ya 1960 visima virefu vya pampu vilianza kuchimbwa kila mahali. Mwenye pampu hangoji bakuli. Maji ya chini yakashuka, qanat nyingi zikakauka, na pamoja nazo likakauka baraza la wenye maji, ambalo kwangu mimi lilikuwa serikali ya kijiji ya kweli kuliko zote zilizoandikwa kwenye sheria. Ukitaka kujua kwa nini kijiji fulani cha uwandani kilikuwa na watu 400 mwaka 1976 na leo hakina hata mmoja, tafuta habari za qanat yake kabla ya kutafuta habari za siasa.

Nikirudi kwenye idadi ya watu, kuna chumba kimoja kijijini ambako inajulikana vizuri kuliko Tehran. Ni nyumba ya afya. Kuanzia miaka ya 1980 Iran iliweka vituo vidogo vinavyohudumia kwa wastani watu 1,500 kila kimoja, ama kijiji kimoja kikubwa au kijiji mama na vitongoji vyake. Wahudumu wake wanaitwa behvarz, kwa kawaida mwanamke na mwanamume, waliozaliwa palepale na kufundishwa kwa miaka miwili. Ukutani wametundika chati inayoitwa zij ya uhai. Kila mtoto anayezaliwa anaandikwa kwenye mwezi wake, na umri wa mama yake. Kila anayefariki anaandikwa, kwa umri na sababu. Watu wote wanapangwa kwa jinsi na makundi ya umri. Mwaka ukiisha wanatundika chati mpya. Mwenye kujua kuisoma anasimama mlangoni na kwa dakika moja anaona kama kijiji kinakua au kinazeeka. Behvarz naye hupita nyumba kwa nyumba, lakini si mgeni kama karani wa sensa: mama aliyejifungua juzi ni binamu yake.

Na chati hizo zilishuhudia badiliko la haraka ajabu. Katikati ya miaka ya 1980, mwanamke wa kijijini Iran alizaa kwa wastani zaidi ya watoto saba. Ilipofika 2006 wastani ulikuwa unakaribia wawili. Elimu ya wasichana, maji ya bomba, kupungua kwa vifo vya watoto wachanga na uzazi wa mpango uliotolewa bure na haohao behvarz kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo, vyote vilifanya kazi pamoja. Kwa hiyo wale wazee wa Abyaneh wanaoishi wawili wawili si kwamba hawakuzaa. Walizaa wengi, wakawasomesha, na watoto wakaondoka. Na watoto hao wamezaa mmoja au wawili, mjini.

Kuna mtego mmoja katika takwimu za taifa ambao lazima nikuonye. Mwaka 1956, sensa ya kwanza ya nchi nzima ilikuta watu karibu milioni 19, na karibu asilimia 69 walikuwa vijijini, yaani milioni 13 hivi. Mwaka 1996 wa vijijini walikuwa milioni 23. Mwaka 2016 walikuwa milioni 20.7 kati ya milioni 79.9, asilimia 26 tu. Unaona kwamba kwa miaka arobaini vijiji viliongezeka watu huku asilimia yao ikishuka. Kupungua kwenyewe kumeanza baadaye. Na sehemu ya kupungua huko ni ya kalamu. Mwaka 1956 miji ilikuwa karibu 200. Mwaka 2016 ilikuwa 1,242. Sheria ya 1983 ilitaka watu 10,000 ili kijiji kiitwe mji, kisha kiwango kikashushwa, na vijiji vingi vilivyo makao ya tarafa vikapandishwa cheo. Siku hiyo watu wote wa kijiji huhama kutoka safu ya vijijini kwenda safu ya mjini bila hata mmoja kuhamisha godoro. Shura yao inakuwa ya mji, dehyari inakuwa manispaa yenye meya, ada za ujenzi zinapanda, bei ya viwanja inapanda zaidi. Wapo wanaoshangilia na wapo wanaokuja kujuta, kwa sababu misaada na nafuu fulani hutolewa kwa vijiji tu. Masuleh ya Gilan, inayojulikana kwa paa la nyumba moja kuwa uwanja wa nyumba ya juu yake, ni ndogo kuliko vijiji vingi vya uwandani, lakini katika vitabu vya serikali ni mji.

Kwa kazi yako, fanya hivi. Tafuta idadi za Abyaneh kwa sensa za 2011 na 2016 uziweke karibu na ile ya 2006, na kila mwaka gawanya watu kwa kaya. Usisahau kwamba takwimu za Iran huandikwa kwa mwaka wa jua unaoanza Nairuzi, mwezi Machi, ileile Nairuzi iliyozaa Mwaka Kogwa wa Makunduchi ingawa huku siku yake imehamia Julai. Ukikuta 1385, ni sensa ya 2006. 1390 ni ya 2011. 1395 ni ya 2016. Kisha chagua kijiji cha pili katika dehestani hiyohiyo ya Barzrud, kisicho na watalii, ukilinganishe nacho. Utapata zaidi kuliko ukikilinganisha na kijiji cha nchi nyingine.

Utakutana pia na vijiji vilivyoandikwa jina bila idadi. Visikutie shaka. Kaya zikiwa chache mno, idara ya takwimu haitangazi hesabu ili mtu asijulikane mambo yake kwa kupitia namba; na mahali palipoandikwa hapana wakazi, mara nyingi ni pale ambapo qanat imekauka. Tena kuwa mwangalifu na majina. Hoseynabad zipo mamia, na Aliabad vivyo hivyo. Kila kijiji unachokitaja kiandikie ngazi zake zote, kutoka ostani hadi dehestani, pamoja na mwaka wa sensa, la sivyo utajikuta unalinganisha kijiji cha Khorasan na wajina wake wa Fars, na msimamizi wako atakurudishia kazi.